Niwekeni wa Pili

Jumatatu, 3 Februari

Uchaguzi wa kiongozi wa chama ni Jumamosi. Baridi ya kuvunja mifupa, gari limegoma kuwaka, lakini kichwa changu kinachemka!

Tumebaki watatu. Gwen Haugen, daktari wa mifugo, mwanamke anayependwa hata na ng'ombe aliowachoma sindano. Clifford Pashko, tajiri wa viazi, sauti kama trekta bovu. Na mimi, Mervyn Stadnyk wa hapa Bodnar, muuza bima ya mvua ya mawe. Mmoja wetu ataongoza Chama cha Mavuno katika Saskatchewan yote. Jimbo zima!

Leo katibu wa chama amekuja kutueleza utaratibu. Kila mwanachama anaandika kwenye karatasi nani wa kwanza kwake, nani wa pili, nani wa tatu. Akikosekana mwenye zaidi ya nusu, aliye mkiani anatolewa na kura zake zinakwenda kwa yule aliyewekwa wa pili. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Zinakwenda kwa wa pili!

Sasa hao wanaogombania kuwa wa kwanza wanatafuta nini? Waache Gwen na Clifford wapigane kama majogoo. Kura zitateremka zenyewe kwangu, kama maji bondeni. Nilicheka peke yangu bafuni mpaka Verna, mke wangu, akagonga mlango kuuliza kama tumbo limenisumbua tena.

Jumanne, 4 Februari

Nimemfunulia siri shemeji Delmar, kaka yake Verna, anayesimamia kampeni yangu. Alinitazama kama mtu anayetazama paka aliyepanda mti. Akasema ili uzipate kura za pili, lazima kwanza usitolewe, na ili usitolewe lazima uwe na za kwanza. Nikamwambia hiyo ni siasa ya kizamani.

Akachukua sinia la pirogi la Verna, sambusa zetu za kuchemsha, akapanga mafungu mezani. Za viazi ni Clifford, za jibini ni Gwen, za kabichi ni mimi. Akauliza fungu langu likiwa tupu nini kitatokea. Mimi nilikuwa natafuna. Akaanza upya. Nikamla Clifford kwa malai, kisha nikaonja na Gwen. Mwisho hakuna aliyejua nani kashinda, na Delmar akavaa koti akaenda zake.

Hana jicho la mbali, maskini.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya ushindi! Nimezunguka Bodnar nzima. Wazee wa kahawa pale kituo cha petroli, nimewaambia wamweke Gwen wa kwanza wakipenda, mimi waniweke wa pili. Wote wamekubali. Wote! Bibi Olha Tymchuk, ambaye hajanisalimia tangu shayiri yake ipigwe na mawe na mimi nikamnyima fidia nikisema ile ilikuwa theluji nzito tu, leo amenishika mkono kwa mikono miwili. Akasema kumbe nina utu.

Kisha akaingia Clifford pale kituoni. Akapaza sauti: "Merv! Hivi unagombea uongozi au unagombea kuniburudisha?" Wazee wakacheka. Nikacheka zaidi yao. Cheka, Pashko, cheka.

Mabango yamefika: STADNYK, WA PILI WAKO WA KWELI. Verna ameuliza kama mpiga chapa amekosea. Nikamwambia ndivyo nilivyoagiza. Akayageuza yote yaangalie ukuta.

Alhamisi, 6 Februari

Adui ameingia nyumbani mwangu, na keki.

Gwen alikuja mchana, viatu vina tope la zizini. Akakaa, akanywa kahawa, akaniambia waziwazi kwamba watu wangu wote wanamweka yeye wa kwanza, na roho inamsuta. "Merv, waambie wakuweke wewe wa kwanza. Mimi nataka nikushinde, sitaki unishindie."

Mtego! Nilimshukuru kwa keki, nikasema mpango hauguswi. Ameogopa, ni dhahiri. Lakini anaogopa nini, hapo ndipo sipaelewi. Baadaye yeye na Verna walinong'ona jikoni. Nilipoingia kuchukua chumvi, wakanyamaza. Sikuwa nahitaji chumvi. Nimekula keki na chumvi.

Ijumaa, 7 Februari

Tumefika mjini Saskatoon kwa uchaguzi. Ndani ya gari, upepo ukisukuma theluji barabarani, Verna akauliza kesho aniweke wapi.

Nikasema wa pili.

Akanigeukia. Kisha: "Mimi? Mkeo? Nikuweke wa pili?"

Nikamweleza kuwa nidhamu huanzia nyumbani. Akafungua redio. Bei za ngano. Hapendi bei za ngano.

Jumamosi, 8 Februari

Sielewi. Naandika yote jinsi yalivyokuwa, labda nitaelewa.

Clifford alihutubu kwanza, akanguruma, maikrofoni ikapiga kelele. Gwen akafuata, akasema vizuri. Kisha mimi. Karatasi yangu ya hotuba ilikuwa imebaki kwenye koti lingine. Nikasimulia tu habari ya Tanis, binti wa Delmar. Jinsi walivyofunga wodi ya wazazi kule kwetu, jinsi alivyojifungulia ndani ya pikapu kwenye dhoruba, Delmar akishika usukani kwa mkono mmoja na mkono wa binti yake kwa mwingine, na sisi nyumbani tukisubiri simu. Mtoto alitoka rangi ya bluu, hapumui. Verna ndiye aliyemvalisha kofia ya kwanza, walipomrudisha mzima. Nikasema sitaki mtoto mwingine wa jimbo hili azaliwe karibu na jeki ya gari.

Watu wakainamisha vichwa, nikadhani nimeharibu. Kumbe watu wanapangusa macho. Mzee mmoja wa safu ya mbele akasimama, akapaza sauti: "Stadnyk! Basi tukuweke wa kwanza!"

Ukumbi ukapiga makofi.

Nikashika maikrofoni kwa nguvu. "Hapana, mzee wangu! Wa pili! Wa kwanza mwekeni Gwen!"

Delmar alifunika uso kwa kofia.

Gwen amepita nusu kwa hesabu ya kwanza tu. Clifford wa pili. Mimi kura moja. Nilimwendea katibu nikamuuliza kura za pili ziko wapi. Akasema ziko kwenye karatasi palepale, na zangu ni nyingi ajabu, karibu ukumbi mzima. Nikamwambia basi azihesabu. Akasema hazina kazi, mshindi kashapatikana. Akanipa pole na biskuti.

Lakini linaloninyima raha si hilo. Ni ile kura moja. Mimi mwenyewe nimejiweka wa pili, nidhamu ni nidhamu. Nani kaniweka wa kwanza? Kuna msaliti kambini!

Jumapili, 9 Februari

Nimemhoji Delmar njia nzima. Ameapa si yeye, amenitii ili nijionee mwenyewe.

Tulipofika nyumbani, Verna akavua glavu taratibu, akasema ni yeye. Alikuwa ameshika kalamu aandike mbili kama nilivyotaka. Mkono ukakataa. Akasema hajawahi kuniweka wa pili tangu siku ya harusi, na hakuona kwa nini aanze mbele ya chama. Macho yake yalilengwa na machozi. Yangu pia, kidogo, sababu ya baridi.

Nimemsamehe. Nimemwambia makosa hutokea.

Akanirushia glavu zote mbili.

Gwen amepiga simu. Wodi ya wazazi itakuwa vita yake ya kwanza, na anataka nizunguke naye jimboni nikisimulia habari ya Tanis. Ni wazi anataka kuniweka mbali na mambo makubwa. Nimesema nitafikiri.

Maana nina jambo. Klabu yetu ya mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu inatafuta mwenyekiti, na mgombea mpaka sasa ni mmoja tu, mwalimu wa muziki. Nimejiandikisha jioni hii. Tuko wawili. Nafasi ya pili ni yangu kabisa, hakuna wa kuninyang'anya!