Koo Jipya la Gari la Baba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamka na wazo. Tena wazo nono! Jirani yangu Ngurumo kachukua msafara wa harusi mwingine, wa tatu mfululizo. Siri yake ni ekzosi, lile bomba la moshi. Akipita, madirisha yanatetemeka na watoto wanapiga makofi. Gari langu, yaani la marehemu baba, mwezi wa saba sasa liko mikononi mwangu, linalia tak-tak-tak kama kuku anayedonoa bati. Fundi Taratibu kasema ni ufa kwenye manifoldi, kile chuma kizito kinachopokea moshi wa injini. Ufa wa miaka kumi na moja! Baba hakuuziba. Alikuwa akisema gari lenye ufa halihitaji honi.

Jioni nikarudi. Mama kishafungua geti kabla sijakata kona vizuri. Kilemba safi kichwani, chai tayari kwenye kikombe kikubwa cha bluu. Kila siku hivyo! Dada yangu anajifanya ndiye mwenye akili humu ndani, mbona yeye hafunguliwi geti? Kitindamimba ni kitindamimba.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata heda! Mabomba manne yamejikunja kama utumbo wa mbuzi, chini yanakutana kuwa moja. Nimeibadilisha na redio yangu. Inakaa pale pale penye manifoldi. Fundi kafungua bolti, mbili zikakatika, katukana kimoyomoyo lakini nimesikia.

Shida ikawa sensa ya oksijeni. Kwenye manifoldi ilikaa juu. Kwenye heda tundu lake liko chini kabisa, waya haufiki. Fundi kanieleza kwamba ile ndiyo pua ya gari, inanusa moshi na kuiambia injini inywe petroli kiasi gani, na pua ya mtu haihamishwi hovyohovyo. Nisubiri wiki ijayo alete waya unaostahimili moto. Wiki ijayo! Nina harusi Jumamosi, nimeshajinadi kwa bwana harusi.

Fundi kaenda kula. Nikakimbia nyumbani, nikakata waya wa pasi ya dada. Una nyuzi tatu, pua ina nne. Ya nne nikaitoa kwenye chaja ya simu. Nikaunga mwenyewe. Manifoldi nikampa muuza vyuma chakavu, achukue bure, inanijazia buti la gari.

Nikawasha. Weee! Simba kakanyagwa mkia!

Nikarudi nyumbani nikinguruma. Geti limefungwa. Nikapiga honi mara tatu. Mama akauliza kutoka ndani ni nani huyo na anamtaka nani. Chai hakuna.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Geti limefungwa tena. Mama yuko jikoni. Kikombe cha bluu kimelazwa kifudifudi. Nikamwigizia jinsi Ngurumo anavyotembea, kifua mbele na kitambi nyuma yake kikichelewa. Hakucheka. Lazima ni habari ya pasi. Dada kanisemea.

Kwenye dashibodi taa ya njano ya injini imewaka. Nimeibandika plasta ya kidonda. Imepona.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sina hamu.

Waya wa pasi ulilalia bomba, ukayeyuka. Gari likapoteza pua katikati ya msafara. Likanywa petroli kama mlevi aliyepewa funguo za baa, likatoa moshi mweusi, likazima. Bibi harusi yuko nyuma na gauni jeupe. Kaniuliza kwa upole kama mimi ndiye dereva kweli. Nikamwambia dereva yuko likizo. Ngurumo katuvuta kwa kamba, huku akipunga mkono kama mgombea.

Dada kanisubiri mlangoni. Nikaanza kujitetea kuhusu pasi. Kasema achana na pasi. Kaniuliza kama najua kwa nini mama alikuwa anafungua geti. Nikajibu, si ananipenda?

Kanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyelala. Akasema hakuwa anakufungulia wewe, mdogo wangu. Ni ile tak-tak-tak. Miaka kumi na moja akiisikia kwenye kona anamimina chai. Anajua baba kafa, hajachanganyikiwa. Ila kutoka kona hadi getini ni kama dakika moja, na dakika hiyo baba alikuwa anarudi kutoka kazini. Kila siku dakika moja. Ndiyo uliyoigawa bure.

Na kikombe cha bluu kilikuwa cha nani? Nimekunywa humo miezi saba nikijisifu.

Nimetafuta kichekesho cha kufungia siku. Hakuna.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mbio hadi kwa muuza vyuma! Kasema vya Jumanne vilipondwa kwa nyundo, lori likabeba Ijumaa. Kwa huruma kanipa bolti moja yenye kutu. Si yangu, lakini nimeichukua.

Gari lilishapoa, likawaka. Nikalegeza bolti za heda ili moshi uvuje. Badala ya tak-tak-tak ikalia fyu-fyu-fyu, kama mzee anayepuliza uji. Nikakata kona polepole. Mama katoka! Kilemba kichwani! Kasimama getini, kainamisha kichwa, kasikiliza kwa muda mrefu. Halafu kaniambia zima tu mwanangu, unachoma petroli bure. Akanigusa shavu.

Heri angenipiga.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Fundi kaleta waya wake wa maana. Pua inanusa. Kasifu sauti ya heda. Nikamwomba anyamaze.

Mchana nimemkuta mama ndani ya gari, kwenye kiti cha dereva, mlango kaufunga. Kiti chenyewe kimebonyea upande mmoja, baba alipokuwa anaegemea, na kinanuka mafuta yake ya nywele. Nikamuuliza kulikoni. Kasema hiki kiti bado kimebonyea vilevile. Akakipapasa. Kakaa humo nusu saa nzima.

Mama wa watu! Na mgongo wake ule! Anaumia, anaona haya kulalamika. Safari hii sihitaji dada anifafanulie, nimeelewa mwenyewe. Kesho asubuhi Fundi ananifungia kiti kipya cha ngozi, kimenyooka kama ubao, hata harufu hakina. Cha zamani muuza vyuma anakuja kukichukua mwenyewe, wala nisihangaike.

Sijamwambia mtu. Nataka nimshtukize. Kesho hata nisipopiga honi, geti litafunguliwa.