Wadudu Wawili wa Mjohoro na Likizo Yangu

Buswelu, Mwanza

Kwa Mama Teodora, Msimamizi wa Bustani

Shikamoo Mama. Ni mimi Owiti, yule wa kufagia majani, ninayelala stoo ya majembe. Uliniambia likizo nitapata siku wadudu wa miti ya mijohoro watakapokwisha. Nimewachunguza miezi saba kutoka juu ya ngazi, na nina malalamiko.

1. Kiwavi mwenye manyoya anakula majani mchana kutwa, hafagii. Akishiba anajifunika, analala, anaamka na mabawa, anaruka zake kuelekea Mara. Mara ndiko kwetu. Sijamwona akijaza fomu.

2. Mwenzake ni yule anayejishonea kijumba cha vijiti na kutembea nacho mgongoni. Naye anakula, ila huyu amejenga bila kibali, bila fundi, bila kupigiwa simu na mke. Nyumba yangu ya Rorya, huko Mara, haiwezi kuanza nisipokuwepo, kwa sababu kwetu nguzo ya kwanza husimikwa na mume mwenyewe. Akelo, mke wangu, analala jikoni kwa mama yangu, na mvua ziko karibu. Huyo mdudu angelala jikoni kwa mama mkwe wake hata wiki moja, angenielewa.

3. Jike la huyo wa kijumba halitoki ndani maisha yake yote. Hutaga humo humo, mayai mamia. Kwa hiyo hawatakwisha, na likizo yangu imo ndani ya kile kijumba.

4. Ngosha wa getini anasema nikiwa na haraka niote manyoya. Nimelifikiria.

Basi naomba unipe siku kumi. Ikishindikana, waandikishe kazi wadudu hawa, nao wanyimwe likizo kama mimi. Wa manyoya abaki kufagia. Wa kijumba apandishwe basi pale stendi, akamjengee Akelo, maana ujuzi anao.

Wasalimie wote nyumbani, na Ngosha pia, ingawa namwona kila siku.

Mtumishi wako, juu ya ngazi,
Owiti

N.B. Mama, likizo usihangaike nayo tena. Akelo amepiga simu sasa hivi. Kumbe tangu mwezi uliopita wazee walikubali koti langu la zamani lisimame badala yangu penye nguzo, na nyumba imeshaezekwa. Koti limetundikwa chumbani. Nimemwambia nitakuja hata hivyo. Amesema nisiharakishe, koti halikoromi.