Yah: Kuunganishwa kwa Babu Yetu Yakobo na Adui Yake Jemsi

Mheshimiwa Mkuu wa Nyumba ya Kumbukumbu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na jamaa zako wote, pamoja na marehemu wote mliowahifadhi makabatini. Mimi ni kinyozi. Si mtu wa malalamiko. Sijawahi kuilalamikia ofisi yoyote ya umma, isipokuwa ile ya maji, ile ya taka, na ile ya umeme pale inapobidi. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue nimesukumwa.

Wiki iliyopita niliingia ofisini kwako nikiwa mjukuu wa mtu mwadilifu. Nikatoka nikiwa binamu wa mwoka mikate.

Naomba nieleze tangu mwanzo, maana yule dada wa dirisha la majina alinieleza haraka mno, tena kwa tabasamu.

Babu yetu Yakobo alikuwa mwashi. Ndiye aliyejenga daraja la mawe la mjini kwetu, ambalo hata wewe bila shaka umelipita. Aliishi ukingo wa huku pamoja na bibi, baba yangu, na shangazi yangu ambaye bado yu hai na sauti yake bado inafika mbali. Kila juma babu alikuwa akilala nje siku kadhaa, na sababu yake ilijulikana. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mwashi mwenzake aitwaye Jemsi, mvivu, mpenda usingizi, ambaye kazi zake zote zilimwangukia babu. "Jemsi kanichelewesha," ndivyo alivyokuwa akisema akivua viatu, na bibi anampa maji ya kunawa na kumwonea huruma. Daraja lilipokamilika, watu wa pande mbili wakaanza kuvuka na kutembeleana, babu akaaga kwamba anakwenda kwa Jemsi kuchukua timazi yake ya kupimia kuta. Hakurudi. Hatuna kaburi lake. Bibi aliondoka duniani akimlaani Jemsi kwa jina.

Huyo mwoka mikate, ambaye duka lake linatazamana na langu, ni mjukuu wa Jemsi. Kwao wanasimulia mengine. Wanasema Jemsi alikuwa mtu wa watu, mcheshi, na kwamba kila juma alicheleweshwa na mwashi wa ng'ambo, mkali, mchoyo, mtu wa dini kupita kiasi, jina lake Yakobo. Daraja lilipokamilika Jemsi naye akaaga kwamba anakwenda kwa Yakobo kurudisha timazi. Wasimwone tena. Basi wao wakatuita sisi wauaji, sisi tukawaita wao wauaji, na mambo yalikuwa yamekaa vizuri.

Baraza la mji likaja kuharibu. Likatangaza kwamba litaweka jiwe darajani lenye jina la mjenzi. Mimi nikapeleka jina la Yakobo, mwoka mikate akapeleka la Jemsi, na baraza likatutuma kwenu sote wawili. Haya yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Dada wa dirisha la majina hajui kuhesabu watu. Alitutazama kwa zamu, mimi na mwoka mikate, kama mtu anayelinganisha viatu, kisha akasema, "Wazee wangu, hili ni jina moja. Limepita tu katika midomo tofauti." Akaeleza kwamba padri aliyembatiza mtoto aliandika Jacobus, kwa Kilatini. Waumini wakalikata mkia, likawa Yakobo. Mhandisi wa ng'ambo alizungumza Kiingereza, na Kiingereza, kwa sababu zake chenyewe, kimelichukua jina hilohilo kikalishona mara mbili, moja Jacob na jingine James. Yeye akaandika James, mafundi wakasema Jemsi. Nikamwuliza kama ana uhakika. Akasema mama ni yuleyule, mahali pa kuzaliwa ni palepale, na wote wawili hawakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Mheshimiwa, kwa hesabu hiyo Petro, Pita na Piere ni mtu mmoja. Mimi ninao wateja watatu wenye majina hayo na kila mmoja ana kichwa chake. Najua, nimevinyoa.

2. Nimenyang'anywa adui. Watu wa ofisini huenda msione uzito wa jambo hili. Kinyozi huishi kwa mazungumzo, na mimi mazungumzo yangu yalikuwa Jemsi. Mteja akikaa kitini, nikishamfunga kitambaa shingoni, nilikuwa namwelekeza dirishani: "Unamwona yule mwenye unga hadi kwenye nyusi? Babu yake alimuua babu yangu." Hapo mteja hatikisiki tena, na ndevu zinakatika sawasawa. Sasa nisemeje? Juzi nilimwambia mteja, "Unamwona yule? Ni mtoto wa shangazi yangu," akasinzia, nusura nimkate sikio.

Tena tulikuwa na utaratibu wetu. Asubuhi mimi nafagia nywele kuelekea mlangoni kwake, yeye anakung'uta magunia ya unga kuelekea kwangu, kila mtu anaendelea na siku yake. Siku hizi nikifagia ananiambia, "Pole na kazi, binamu." Mtu atafagiaje katika hali hiyo?

3. Ukuta wangu umeharibika. Mkabala na kioo nilikuwa nimemlipa mchoraji wa mabango anichoree ukoo wetu wote, kama mti, Yakobo akiwa shina. Mteja alikuwa anauona kiooni huku ananyolewa, ingawa kwa kinyume. Nilimwita mchoraji tena nikamweleza hali ilivyo. Akasimama na brashi mkononi, akafikiri, akasema, "Mzee, huu sasa si mti. Huu ni mtu aliyepanua miguu." Nimeufunika kwa shuka.

4. Tabia za babu zimechanganywa bila ridhaa ya warithi. Yakobo wetu alikuwa akisali kabla ya kula na baada ya kula. Jemsi wao alikuwa akicheza ngoma hadi viatu vinakatika. Yakobo alipoteza kidole akiinua jiwe lililomwangukia mjane. Jemsi, kwa maelezo ya wajukuu zake wenyewe, alipoteza kidole akionyesha watu jinsi msumeno usivyokata. Sasa naambiwa kidole ni kimoja! Mjane amekwenda wapi? Nilimwuliza dada yule swali hilohilo, akasema idara yake inashughulikia majina tu.

5. Hili ndilo limeniumiza kuliko yote. Nimempoteza shangazi.

Niliporudi na habari hizo, shangazi alisimama, akafunga kilemba chake upya, akavuka barabara. Nilijua anakwenda kumtukana mama yake mwoka mikate, binti wa Jemsi, ajuza kama yeye, ambaye hukaa kwenye kiti nyuma ya kaunta na kuwagombeza wanaobonyeza mikate bila kununua. Wanawake hawa wawili walikuwa wakitupiana macho dirishani tangu mimi kijana. Hawajawahi kusalimiana hata msibani. Nikamwacha mteja nusu kichwa, nikamfuata shangazi ili nishuhudie.

Shangazi akasimama mbele ya kaunta. Akasema, "Baba yako alimfanya nini baba yangu?"

Yule mama akamtazama kwa muda. Akasema, "Mimi nimekaa hapa miaka yote nikingoja nikuulize hivyohivyo."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Badala yake mama mwoka mikate akauliza, kwa sauti ndogo, "Wako alikuwa akikoromaje?"

Shangazi yangu, mwanamke niliyemheshimu maisha yangu yote, akafumba macho na kukoroma mbele ya wateja. Alikoroma kwa kuvuta, akatulia kidogo kama aliyesahau, kisha akamalizia kwa mluzi mwembamba. Yule mwingine akaweka kiganja kinywani. "Na ule mluzi," akasema. "Na ule mluzi wake!" Akakoroma naye, na Mheshimiwa, sitakuficha, ulikuwa mkoromo uleule. Wakacheka mpaka wakashikana mikono juu ya mikate. Kisha sikuelewa ni wakati gani kicheko kiligeuka, ila niliona shangazi anafutwa machozi kwa aproni yenye unga, na uso wote umekuwa mweupe.

"Mama alikuwa akimwekea chakula," shangazi akasema. "Hata baada ya kuacha kumngoja."

"Mama naye," mwenzake akajibu.

Tangu siku hiyo shangazi hashindi tena dukani kwangu. Anashinda kule. Amewekewa kiti. Wanagombeza wateja kwa zamu. Na mimi naambiwa yule mama naye nimwite shangazi, yaani nilikuwa na mmoja nikaongezewa wa pili, na matokeo yake sina hata mmoja.

6. Mchonga mawe wa baraza anasema nafasi kwenye jiwe ni ya jina moja tu. Mwoka mikate amesema liandikwe Yakobo, hana neno. Nimemjibu kwa hasira kwamba hapana, liandikwe Jemsi. Tumebishana barabarani, kila mtu akimsukumia mwenzake babu, mpaka watu wakasimama kutazama. Sijawahi kuaibika namna hii, kushindwa ugomvi kwa kupewa ninachokitaka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo.

Mosi, ofisi yako itangaze kwamba Yakobo na Jemsi ni watu wawili, kama walivyokuwa kabla ya saa za kazi za Jumanne iliyopita. Pili, ikishindikana, mtu huyo agawanywe kwa haki: sala, kazi na mjane vibaki kwetu, ngoma, usingizi na msumeno viende kwao, mkoromo uwe wa wote. Tatu, ziandikiwe barua lugha zote zinazohusika, kuanzia Kilatini, zikatazwe kulichukua jina la mtu na kulirudisha likiwa na sura nyingine bila kuwauliza wajukuu. Najua lugha hazina anwani. Ofisi yako ina wataalamu, watazipata.

Wasalimie wote ofisini, mlinzi wa mlangoni aliyenionyesha choo, na hata dada wa dirisha la majina, maana hakunikosea adabu, alinikosea ukoo tu.

Ni mimi, mwenye huzuni na mkasi,

Kinyozi, mjukuu wa Yakobo (peke yake)

Nyongeza: Barua hii imechelewa kutumwa. Shangazi alisema haiwezi kwenda kabla hajasomewa, na kwa kuwa hataki kuondoka kule, niliisomea dukani kwa mwoka mikate, wote wakinisikiliza. Nilipofika pale penye "Jemsi kanichelewesha", yule shangazi mpya aliinua mkono. Akasema, "Lakini miezi ile ya mwisho hakuwa akimlalamikia Yakobo. Alikuwa akimlalamikia mtu mwingine. Tiago." Shangazi yangu wa zamani aliweka kikombe chini. "Hata kwetu," akasema. "Tiago wa kule mto unakoteremkia, walikojenga gati. Mama alidhani ni jina la ugonjwa."

 Mwoka mikate akaenda nje kutoa trei kwenye gari lake la mikate, ili kina shangazi wapate pa kukaa. Tunaondoka Jumamosi kwenda huko gatini, mimi, yeye na wao. Nimeshabandika karatasi mlangoni kwamba nimefunga kwa sababu za kifamilia.

Kwa hiyo naomba usitenganishe mtu yeyote na yeyote. Yote niliyoandika hapo juu nimeyafuta, ila karatasi ilikuwa nzuri nikaona nisiitupe. Ninachoomba ni hiki tu: mwulize yule dada wa dirisha la majina kama Tiago naye ni Yakobo. Ikiwa ndiye, atuandikie herufi zake sawasawa, kama zinavyoweza kuonekana zimechongwa kwenye kaburi la zamani, maana hawa wazee wawili wanataka kujua wasimame mbele ya lipi. Na ikiwa kule nako kuna watu wake, atuandikie na namna ya kuwasalimia kwa lugha yao. Gari lina nafasi.