Miji Saba na Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji yangu, fundi majokofu, ametimiza miezi mitatu kwenye kochi letu. Alikuja kwa wiki moja. Sasa anataka chumba changu cha nyuma, chenye meza, dirisha na mlango unaofungika. Mke wangu anamtetea. Ni kaka yake, atafanyaje. Nimepata mbinu! Tushindane kwenye kompyuta, ule mchezo wa falme za kale, kila mtu na ufalme wake. Jumamosi saa kumi jioni, mwenye miji mingi ndiye mshindi. Nikishinda, anahama. Akishinda, chumba chake. Amekubali bila hata kuuliza masharti. Maskini. Mimi nimekuwa karani wa mipango miji miaka kumi na miwili. Yeye anajua gesi ya friji tu.

Jumanne, 5 Machi
Nina vijiji vitatu. Vyote nimevijengea kuta za mawe. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeanza na ukuta. Huo ufa utapita wapi? Shemeji anachimba mifereji ya maji machafu. Mifereji! Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kama naumwa.

Jumatano, 6 Machi
Tauni. Nusu ya watu wangu wamekufa ndani ya kuta imara kabisa. Shemeji kanishauri, kwa upole wa kuudhi, nichimbe mifereji. Nimemjibu kwamba imo kwenye mpango. Nikachimba alipokwenda kuoga.

Alhamisi, 7 Machi
Kazini nimechora soko la mji wangu nyuma ya ramani ya mteja. Bosi kaiona, akasifu mpangilio, akauliza ni mtaa gani huo. Nimesema bado ni siri ya mradi.
Jioni, hila safi. Nimemwoza binti yangu wa mchezoni kwa mfalme mzee wa kaskazini, mahari vijiji vinne. Binti yangu wa kweli alikuwa nyuma yangu akitazama. Hakunisemesha wakati wa chakula.

Ijumaa, 8 Machi
Vijiji vyote vimepata watu wa kutosha, vimekuwa miji. Saba kwa sita! Naongoza!
Lakini miji saba ni kama watoto saba. Huyu njaa, huyu anataka kisima, huyu kagoma kwa sababu ya kodi. Nikimtuliza mmoja, wawili wanaamka. Gavana wa mji wa tatu ni mlevi. Nimemteua mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Saa tisa na nusu, bado saba kwa sita. Mkono umekufa ganzi. Hapo ndipo nikaona kitufe kando ya kila mji, kimeandikwa ACHIA. Mchezo huu wameutafsiri wapenzi wake wenyewe, Mungu awabariki. Nikajua tu: mtu akichoka, anamwachia gavana kazi. Nikabonyeza kwenye miji mitano, nikaenda kupika chai ya ushindi.
Niliporudi shemeji alikuwa ameweka mikono magotini. Ana miji kumi na mmoja. Mimi miwili.
“Shem,” akasema, “sijakugusa. Umeniachia mwenyewe.”
Kumbe mji ukiuachia unakwenda kwa jirani aliye karibu zaidi. Jirani huyo ni yeye.
Saa kumi na robo mke wangu alikuwa anatoa vitabu vyangu nje. Nimeumia, sitaficha. Nyumba nzima, kile ndicho chumba pekee ambamo hakuna aliyekuwa akiniuliza kitu.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji yuko chumbani, kajifungia. Mimi niko sebuleni na daftari hili. Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la wale watafsiri. Mipango yangu haikuwa na dosari, na sasa kila kitufe nakijua.
Nimembishia hodi, nikaomba marudiano. Akauliza safari hii naweka nini, maana chumba tayari anacho. Nikaweka chumba cha kulala. Akauliza kama dada yake anajua. Nikamwambia ndoa ni kuaminiana.
Tunaanza mchana huu. Mke wangu ametoka kununua mapazia mapya. Anasema ya chumba cha kulala yamechakaa.