Salim Kovu Anampenda Nani?

Jumatatu, 4 Juni 1973. Keroka

Nimebishana tena na Mwalimu Nyamoita. Kisa ni kilekile: Salim Kovu.

Niandike vizuri, nisije nikasahau uzeeni. Salim ni karani wa forodha katika mchezo wa redio wa kila Jumatano jioni. Asubuhi anawatumikia polisi, jioni wauza magendo. Tunamsikiliza dukani kwa Mzee Chandulal, ambaye amenipa nafasi ya cherehani barazani. Wiki iliyopita Salim aliacha mlango wa ghala wazi, Nesi Rehema akatoroka. Mimi nasema hilo ni penzi, tena la siku nyingi. Nyamoita anasema Salim ametumwa na mkubwa wa magendo ili nesi afuatwe. Chandulal anasema alisahau tu kufunga, makarani ndivyo walivyo.

Tumewekeana sharti. Salim akionekana yuko upande wa mkubwa wake, nitaishonea kwaya ya shule majoho kumi na matano, bure. Akionekana anampenda nesi, Nyamoita atakuja kunywa chai kwa mama yangu. Amekubali haraka mno. Anajiamini huyu.

Jumanne, 5 Juni

Sharti zito kama hili haliwezi kuachiwa redio peke yake. Nimeandika barua kutoka kwa mtunzi wa mchezo, Nairobi. "Mpendwa msikilizaji." Mtunzi anathibitisha kwamba Salim anampenda Rehema tangu siku ya kwanza. Ushahidi ni koti lake: vifungo viwili, bitana ya hariri, na mfuko wa ndani alioongezewa kifuani kwa ajili ya picha ya Rehema. Hapo ndipo nilipojipita.

Stempu nimeibandua kwenye bahasha kuukuu ya Chandulal. Muhuri unasema Kisumu. Nani husoma muhuri?

Jumatano, 6 Juni

Nimempa barua saa saba. Ameisoma mara mbili akiwa amesimama. Akauliza imefika lini. Nikasema kwa basi la asubuhi. Akaitia mkobani.

Jioni, balaa. Salim amempa mkubwa wake ufunguo wa gari na kumtajia njia aliyopita Rehema. Nikasema pengine anamlinda kwa njia ya mzunguko. Chandulal akazima redio, eti betri zisiishe. Nyamoita hakunicheka. Alisema tu ataleta vipimo kesho. Nilimhurumia Salim, kisha nikajihurumia mwenyewe.

Alhamisi, 7 Juni

Ameleta vipimo. Ameleta na barua, imesahihishwa kwa wino mwekundu. Nne kwa kumi. Kando ya lile koti ameandika: "Mtunzi huyu ni fundi cherehani." Nikajifanya natafuta uzi.

Badala ya kuondoka, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Maneno yake nayaandika kama yalivyo: "Fundi, Salim ana moyo. Shida ni kwamba hata jambo jema analipitisha mlango wa nyuma. Rehema atamwaminije? Angesema tu. Pengine mwenzake anangoja siku nyingi."

Nikamwambia sijawahi kusikia mtu akimchambua Salim vizuri hivyo. Akainuka kigodani. Kisha akasema mtu akimwalika chai kwa adabu, Jumapili ana nafasi. Akaenda zake. Sikuelewa ametokaje kwa Rehema mpaka akafika kwenye chai.

Ijumaa, 8 Juni

Chandulal amenieleza, polepole, kama anavyomweleza mteja asiyejua tofauti ya khaki na kaniki. Nimejichoma sindano mara mbili.

Kumbe ni kuvuka barabara tu na kusema. Nimevuka. Nimefika kwenye lango la shule, nikamwona anakuja, nikauliza kama waimbaji wote wameshapimwa. Akasema wote. Nikarudi. Alasiri nimevuka tena, nikauliza rangi ya kola. Akasema nyeupe, kama nilivyoambiwa jana. Alikuwa anatabasamu, nadhani kwa sababu ya kola.

Jumamosi, 9 Juni

Leo Sabato, Mama yuko kanisani tangu asubuhi, kwa hiyo nyumba imetulia na akili inafanya kazi. Nimegundua kosa langu. Mwaliko wa chai hautoki kwa kijana. Hutoka kwa mwenye nyumba. Nimemwandikia Nyamoita kwa niaba ya Mama, kurasa mbili, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko uonekane wa mzee. Humo Mama anamwita "binti yangu", anamkaribisha kesho saa tisa, na anamsifu mwanawe kidogo, si sana, robo tatu ya ukurasa. Chandulal amekubali kuipeleka, ingawa aliishika kwa ncha za vidole.

Mama mwenyewe nitamweleza akirudi. Nyamoita ataguswa sana na barua hii, maana ndiye anayemfundisha Mama kusoma na kuandika katika darasa la watu wazima, na juzi tu wamefika herufi ya D.