Waashi wa Moyo wa Kapita Chishimba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimechaguliwa! Jumamosi nitakuwa msemaji wa familia kwenye mahari ya Keren, mtoto wa marehemu dada yangu. Mtaa wetu wote wa Kamalondo utajua mjomba ni nani. Mdogo wangu Adalbert amenuna. Eti mtu mwenye moyo mgonjwa hawezi kusimama mbele ya wakwe. Moyo umechoka kidogo tu! Miguu inavimba jioni, ngazi zinanikata pumzi, basi. Ulimi ni mzima kabisa.

Shida ni kidonge cha maji. Ukikimeza asubuhi, unakimbilia choo mpaka mchana. Msemaji gani anawaachia wakwe sentensi nusu?

Jumanne, 3 Juni

Keren amekuja kutoka Kasapa, anakosomea udaktari. Anaandika kazi yake ya mwisho juu ya moyo. Anasema ni kwa ajili yangu. Nilikaribia kulia, lakini nilikuwa na hila, nikajizuia. Nikamwomba anieleze ugonjwa wangu.

Akasema moyo si nyama tupu. Ndani mna chembe ziitwazo fibroblasti, kazi yao kusuka nyuzi na kuziba majeraha. Nikamwambia hao ni waashi! Nimekuwa kapita, msimamizi wa waashi, kwenye majengo ya mgodi maisha yangu yote, nawajua. Akacheka, akakubali. Ila moyo ukiumia, akasema, waashi hawa hawarudi nyumbani kazi ikiisha. Wanaendelea kujenga mpaka moyo unakuwa mgumu, unashindwa kutanuka na kujaa damu. Na chembe zinazotanda ndani ya mishipa, ambazo kwa kawaida huilegeza na kutuliza mambo, nazo zikiumia zinaita waashi wengine.

Nikaelewa papo hapo. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu ki moyoni. Kumbe wenye kosa ni fibroblasti! Chumvi haina kosa. Maji hayana kosa. Basi kidonge cha maji cha nini?

Jumatano, 4 Juni

Mpango umeanza. Kidonge cha maji nimekitupa chooni, kwa kuwa ndiko kilikokuwa kinanipeleka. Kisha nimekula makayabu kwa jirani. Samaki mwenye chumvi yake, jamani! Nyumbani ni sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, kama niko gerezani.

Nikamweleza mke wangu Virginie kwamba sayansi imeyasafisha makayabu. Akajibu bila kugeuka: "Ee Papa, miguu yako haivimbe juu ya maçons, wale waashi yako. Inavimba juu ya kinywa yako!" Hakusoma, maskini. Mimi pia sikusoma, lakini mimi nimeelezwa.

Ijumaa, 6 Juni

Virginie amenipandisha kwenye mizani. Nimeegemea kabati kwa siri, nikawa mwepesi kama kifaranga. Ameuona mkono. Aibu!

Viatu vya sherehe vimekataa kuingia. Viatu vya siku hizi hovyo. Adalbert amepita "kusalimia", akaitazama miguu yangu kwa furaha. "Yaya, mkubwa wangu, kama pumzi inakosa, miye niko." Nikamwambia pumzi yangu inatutosha sisi wawili. Kisha nikakohoa mpaka akaenda zake. Ni baridi ya Juni tu.

Jumapili, 8 Juni

Naandika kitandani hospitalini, na mpira wa hewa puani.

Wakwe walifika jana kutoka upande wa Luano, wamependeza. Keren alifichwa chumbani, maana upande wa mume lazima utoe mbuzi kwanza ndipo binti atoke. Nikasimama na kandambili. Nilianza vizuri ajabu! Salamu, ukoo, methali. Nilipofika kwenye sifa za binti, pumzi ikagoma. Kifua kilijaa maji kama shimo la mgodi lisilo na pampu. Niliogopa kufa. Niliogopa pia kwamba Adalbert atamalizia sentensi yangu.

Akaimalizia! Lakini nani alimsikia? Keren alishatoka mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka, akanikalisha wima, akafungua kola yangu, akaagiza gari. "Tonton, dawa ya maji ulikunywa?" Mbele ya wakwe wote nikasema ndiyo. Akabonyeza mguu wangu, kidole kikaacha shimo. "Ni bongo, unanidanganya!" akasema, machozi yanamtoka. Nyuma yake Adalbert alikuwa anamlilia mbuzi, kwamba binti ametoka bure.

Jumanne, 10 Juni

Wamenitoa maji kwa sindano. Nimepungua, napumua.

Keren amenieleza tena, polepole. Kati ya vidonge vyangu, kimoja kinawatuliza waashi. Cha maji hakiwagusi, ila kinaondoa maji ambayo moyo mgumu hauwezi kuyasukuma. Vyote viwili ni lazima. Kila nikicheza hivi, moyo unaumia na waashi wanaitwa upya. Akasema ameshamzika mama yake, hataki kunizika na mimi. Hapo nililia kweli. Nikaapa kwa jina la dada yangu.

Kisha Virginie ameleta habari. Baba mkwe amesema msichana anayemkimbilia mjomba wake namna ile si wa kukosa. Atatoa mbuzi wa desturi, na mwingine juu! Adalbert kwa maneno yake mazuri hakuongeza hata kuku. Pumzi yangu imeleta mbuzi mzima.

Plamedie, mdogo wake Keren, naye amepata mchumba, na familia inatafuta msemaji. Nimeshatuma ujumbe kwamba nipo. Kidonge cha maji nitakimeza kila siku, kama nilivyoapa. Isipokuwa wiki hiyo ya mahari. Safari hii nataka ng'ombe.