Kuhusu Ng'ombe Tisa wa Marehemu Wanaoishi Chini ya Kabati

Kitengela,
Tarehe 18 Mei, 2004.

Kwa Bwana Khaemba,
Katibu wa Ukoo,
Chwele.

Shemeji,

KUH: MIFUGO TISA WA NDUGU YAKO, MAREHEMU WASIKE

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na mahindi yenu yamekwisha kupaliliwa. Sisi huku tuko salama. Shirleen amefungua shule, nami nimeanza tena kupika chakula cha watu wawili badala ya watatu, ingawa mara nyingine mkono unasahau.

Nimepata ujumbe wako kwamba Jumamosi ya wiki ijayo utafika na lori kuchukua wale ng'ombe tisa ambao ukoo uligawana siku ya tatu baada ya mazishi. Nakuandikia kwa heshima zote, kama mke wa ndugu yako na kama mtu aliyeishia darasa la saba. Nikikosea mahali, unisamehe.

Kwanza nieleze jambo hili lilivyoanza, kwa sababu sidhani kuna aliyesema uongo. Desemba 1999 nilimtuma marehemu soko la Bisil akanunue mbuzi wa Krismasi. Alirudi na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na simbilisi wawili, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao watu wa huku huwaita ginipigi, wamekumbatiana kama abiria waliopotelewa na mizigo. Aliniambia mchungaji mmoja pale sokoni alimcheka mpaka fimbo ikamwanguka, akamuuliza, "Mzee, hizi unapeleka machungani ama unapeleka kwa daktari?" Krismasi hiyo tulikula maharagwe.

Kesho yake marehemu alikuandikia kwamba ametoka Bisil na mifugo wake wawili wa kwanza, mmoja wa rangi ya kahawia, mwingine mweusi na mweupe. Mwezi wa tatu akakuandikia tena kwamba yule wa kahawia amezaa watatu. Shemeji, hapo ndipo mngesimama kidogo mkafikiria. Hata ng'ombe wa Wamaasai hazai watatu kwa mara moja. Lakini nyumbani mlifurahi, mkasema Wasike amebarikiwa huko Kajiado.

Siku ya kugawa mimi nilikuwa nimeketi mkekani, kichwa kimenyolewa, na mjane haongei mpaka aulizwe. Niliinua mkono mara mbili. Mara ya kwanza mzee mmoja alisema, "Mama, pumzika." Mara ya pili nililetewa chai. Nilipomaliza chai, ng'ombe walikuwa wamekwisha.

Baadaye Shirleen alitoa ile picha tuliyopigwa Pasaka, marehemu amekaa kwenye kochi na wanyama wote tisa wamejipanga mapajani na mabegani mwake. Picha ilizunguka mkono kwa mkono. Kisha wewe mwenyewe ukasema, "Hata kama. Kitabu kimeshatiwa sahihi. Mifugo ni mifugo."

Basi nimekubali kwamba ni ng'ombe. Siwezi kubishana na kitabu cha ukoo. Malalamiko yangu ni kuhusu jinsi ng'ombe hawa wanavyotendewa, nayo ni haya:

1. Mgao. Nyumba saba zimegawana wanyama tisa, na mmoja wao ameandikiwa nyumba mbili, awe akikaa mwezi mmoja kwako na mwezi mmoja kwa Shangazi Zipporah ng'ambo ya mto. Huyo anaitwa Karani. Unajua marehemu alikuwa mtunza stoo katika shamba la maua kule Kisaju, kwa hivyo wengi wana majina ya ofisini. Karani ni mwoga. Mlango ukifungwa kwa nguvu anaingia ndani ya kiatu cha marehemu na hatoki mpaka kesho. Akienda kwa Shangazi itabidi kiatu kiende naye, na viatu havimo kitabuni.

Mmewatenganisha pia wale wawili wa kwanza, Bisil, yule wa kahawia tuliyempa jina la soko, na Padri. Padri ni yule mweusi na mweupe. Alipewa jina hilo kabla hatujajua tabia zake, na mwishowe marehemu ilibidi amjengee chumba cha mbao peke yake. Lakini hata hivyo yeye na Bisil hulala wakigusana pua kupitia tundu la ubao. Kuna siku niliwatoa nje ya chumba mmojammoja ili nifagie, Bisil akakataa kula hadi aliporudishwa penye tundu.

2. Maziwa. Shangazi Zipporah aliuliza mbele ya watu maziwa ya ng'ombe tisa yalikuwa yakienda wapi miaka minne yote, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe, "Si mlimwona alivyonenepa?" Ni kweli kabla ya kumuuguza marehemu nilikuwa mnene kidogo, na watu wakaunganisha mambo. Kwa haki nimemkagua Bisil. Ana chuchu mbili. Maziwa yake hayawezi kubadilisha rangi ya chai.

3. Mahari. Mjomba Situma tayari amemtaja wake kwa wakwe wa mwanawe huko Webuye, na nasikia wakwe wamechimba mashimo ya nguzo za boma. Naomba mtu awaambie wasihangaike na nguzo. Mnyama huyo atapita katikati ya zote akiwa amebeba jani la sukumawiki mdomoni. Mimi pia ni mwanamke. Nafikiria siku huyo binti yao atakapokosana na mumewe, na majirani wakitaka kujua ng'ombe aliyemleta ni wa aina gani.

4. Usafiri. Kwa kuwa ni ng'ombe, nilikwenda kwa afisa wa mifugo kuomba kibali cha kuwatoa wilayani, nisije nikashikwa njiani. Nilimbeba Karani kwenye kikapu ili awawakilishe wenzake. Afisa ni kijana mpole, alianza kujaza fomu kabla kikapu hakijafunguliwa. Aliuliza vichwa vingapi, nikasema tisa. Aliuliza pembe, nikasema hawana. Aliuliza chapa ya moto iko upande gani, nikamwambia chuma cha chapa ni kikubwa kuliko ng'ombe mwenyewe. Hapo akaweka kalamu chini. Nilipofunua kikapu alitazama kwa muda mrefu, akanitazama na mimi, kitambaa changu cha kichwa na vyote, akasema, "Pole sana, mama," akapiga muhuri.

Kwa hivyo kibali ninacho. Kinaagiza ng'ombe wasafiri mchana, washushwe mara mbili njiani wanywe maji, na wasiswagwe kupitia katikati ya mji. Sijui utawashusha vipi Nakuru na uwapandishe wote tena. Na lori la tani saba, shemeji, lina matundu sakafuni.

5. Makumbusho. Nimeletewa uamuzi wa kamati ya ukoo kwamba mwezi wa nane Meneja achinjwe kwenye sherehe ya makumbusho ya marehemu, kwa sababu ndiye dume kubwa, na kwamba atalisha watu mia mbili. Ulimi ni wa wazee, kifua ni cha wakwe, na ngozi ni ya mjane akalie. Nimeipima ngozi hiyo kwa utepe wa kushonea, Meneja akiwa bado yumo ndani yake. Inatosha kukaliwa na kikombe.

Meneja ndiye aliyelala ndani ya mkono wa koti la marehemu zile wiki za mwisho kitandani. Marehemu alikuwa hawezi tena kula. Nikimletea karoti iliyochemshwa alikuwa anagusa kipande kwa ulimi, kisha anakiingiza kwenye mkono wa koti, na baadaye ananiita, "Nelima, umeona? Tumemaliza sahani." Nilijua aliyemaliza ni nani. Lakini niliiosha sahani ile kwa furaha, na nikawaambia majirani kwamba leo amekula. Sasa kamati inaniambia nimshike miguu wakati wa kuchinja. Miguu yake yote minne inaenea kwenye kiganja changu, kwa hivyo kazi yenyewe si ngumu. Ni mimi siwezi.

6. Heshima. Hili ndilo kubwa, na nimelifikiria nikifua, nikipika na nikiwa kanisani. Kama ndugu yako alikuwa na ng'ombe tisa, mbona alizikwa kama mtu asiye na kitu? Mtu wa ng'ombe tisa huko kwetu husemewa kutwa nzima. Wanaume husimama na kutembea huku na huko wakitaja alipotoka, alikopita na aliowalisha. Wasike alipata hotuba mbili. Ya kwanza ilikatizwa na mvua. Ya pili ilikuwa ya kuomba viti vya kukodi virudishwe.

Hakuna aliyesema kwamba akitoka kazini alivua viatu nje ya mlango, kwa sababu wanyama walikuwa wanashtuka wakisikia buti. Hakuna aliyesema kwamba aliwasalimu, "Mmeshindaje, wafanyakazi?" kabla ya kunisalimu mimi, na kwamba nilikasirika miezi miwili halafu nikazoea, halafu nikawa nangoja kusikia. Hakuna aliyesema kwamba kila asubuhi alitandika gazeti chini ya kabati, lakini ukurasa wa matangazo ya vifo aliuweka kando, akisema si vizuri kuwakalisha wanyama juu ya nyuso za watu. Kurasa zile bado ziko, zimekunjwa vizuri. Zimejaa watu tusiowajua.

Kwa hivyo madai yangu ni haya. Kabla lori halijatoka Chwele, ukoo ukutane tena, ng'ombe wote tisa watajwe kwa majina na rangi, na ndugu yako asemewe kutwa, kuanzia asubuhi mpaka jua lizame, kama mtu mwenye mali. Na kama ukoo hauna nafasi ya kumsemea mtu wa ng'ombe tisa, basi kitabu kifunguliwe na kiandikwe kwamba hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na mimi niachiwe simbilisi wangu, kwa sababu wanyama hawa hawagawanyiki, hawasafiri, na hawachinjwi. Wakiondoka, shemeji, nitakuwa natandika gazeti chini ya kabati tupu, na ninajijua, nitalitandika tu.

Sina ubaya na mtu. Wasalimie watoto, mwalimu wa kwaya, na wale wazee walioniambia nipumzike. Waambie nimepumzika vya kutosha. Msalimie Shangazi Zipporah, na umwambie kwamba hata chai ya rangi hunenepesha ukiinywa na mtu mnayepatana naye. Mwenye nyumba wetu, Bwana Githongo, anawasalimu pia, ingawa hajui kwamba ana ng'ombe tisa katika nyumba namba nne, na mkataba wake haukubali hata kuku.

Ni mimi shemeji yako, niliye na majonzi na kibali chenye muhuri,

Roda Nelima,
mke wa marehemu Wasike.

Baada ya sahihi: Nimempa Shirleen asome barua hii kabla sijaifunga. Amesoma yote, amesahihisha maneno mawili, kisha ameniuliza, "Mama, kwani baba mdogo alishawahi kuja huku?" Nimehesabu. Miaka kumi na moja tumekaa Kitengela na hujakanyaga hata siku moja, wala sisi hatukukwambia uje, tukisema tungoje kwanza tupate nyumba kubwa. Na siku ile ya kugawa nilikuona umesimama peke yako nyuma ya ghala, umeelekea ukutani, mabega yanatikisika. Nikapita kama sijaona.

Basi Jumamosi njoo, lakini lori liache. Panda basi, Shirleen atakungoja stejini, na utalala kwenye kochi. Ukirudi utabeba wawili kwenye katoni, jike na dume, utachagua mwenyewe. Nimeandika hapo juu kwamba hawagawanyiki na hawasafiri. Si kweli. Katika maisha yangu sijaona kitu kinachogawanyika kama hawa, na Karani alilala usingizi njia nzima kwenda kwa afisa na kurudi. Kabla ya Krismasi utakuwa na wa kutosha nyumba zote saba, na ukoo ugawane mpaka uchoke. Lakini hao wawili wa kwanza ni wako, usiwaandike popote. Uwaweke ndani ya nyumba, chumba unacholala, si jikoni. Alfajiri wakianza kupiga kelele usiogope, si ugonjwa. Wamesikia umeamka.